Barua ya wazi kwa wanaopanga bajeti: tengeni fedha za kuzuia ukatili kabla haujatokea

KWA: Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Waziri wa Fedha, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Waheshimiwa Wabunge, Wakurugenzi na Madiwani wa halmashauri zote 184 za Tanzania Bara.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa sasa ni mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto katika kata moja ya Kanda ya Ziwa. Siandiki kwa niaba ya chama wala shirika lolote. Naandika kwa sababu msimu wa kupanga bajeti ukipita bila mtu wa ngazi ya chini kusema, yanayotukuta huku hayaingii kwenye makabrasha yenu, na kisichoingia kwenye makabrasha hakipati fedha.

Ombi langu ni moja. Tengeni fedha za kodi yetu wenyewe kwa ajili ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na watoto kabla haujatokea. Ipeni kazi hiyo kasma yake, yaani fungu lake lenyewe, katika bajeti ya kila halmashauri. Kisha hakikisheni fedha hizo zinatoka na kufika kwenye kata. Mengine yote nitakayoandika hapa ni maelezo ya kwa nini naliomba hilo, na kwa nini naamini linawezekana kwa nchi yetu kama ilivyo leo.

Mpango mnao, tena mzuri. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, huu tunaouita MTAKUWWA, ulianza mwaka wa fedha 2017/18 ukaishia 2021/22, na sasa tuko katika awamu ya pili, 2024/25 hadi 2028/29. Awamu ya kwanza ilikusanya mipango minane iliyokuwa ikienda kila mmoja kivyake. Ikaweka maeneo nane ya utekelezaji: uchumi wa kaya, mila na desturi, mazingira salama, malezi, sheria, huduma kwa manusura, usalama shuleni, na uratibu. Ukiyasoma maeneo hayo kwa utulivu utaona kwamba mengi ni ya kinga. Walioandika mpango ule walijua kuwa mtoto anayebakwa na mama anayepigwa hawatoki hewani. Wanatoka kwenye nyumba fulani, zenye ugumu fulani, katika jamii iliyozoea kunyamaza. Walijua kwamba pa kuanzia ni pale.

Lakini ukitoka kwenye mpango ukaenda kwenye bajeti, mambo yanabadilika. Kamati yetu ya kata inatakiwa kukutana kila robo mwaka. Haina fungu la kikao, haina nauli ya mjumbe anayetoka kitongoji cha mbali, haina hata karatasi ya kuandikia muhtasari. Tunakutana kwa moyo wetu, na siku ambayo Mtendaji wa Kata ameitwa wilayani kwa jambo la haraka, kikao kinaahirishwa mpaka mwezi usiojulikana. Afisa Maendeleo ya Jamii wetu ana pikipiki, mafuta hana. Afisa Ustawi wa Jamii tunayemtegemea anakaa makao makuu ya wilaya na anahudumia kata nyingi, na zipo kata nyingi nchini ambazo hazina hata huyo wa kumgawana. Simlaumu Mkurugenzi wetu. Ukomo wa bajeti anapewa kutoka juu, na akishalipa kilichokuwa cha lazima, kinga inabaki kwenye orodha ya yale yatakayofanyika fedha zikipatikana.

Chukueni mpango wa mwaka wa halmashauri yoyote, mtazame safu ya chanzo cha fedha. Madarasa yana chanzo. Zahanati ina chanzo. Ukifika kwenye mafunzo kwa kamati za ulinzi, midahalo ya wazazi, au elimu kwa vijana kuhusu mahusiano, mara nyingi chanzo kilichoandikwa ni wadau. Maana yake ni kwamba kazi ipo kwenye mpango, lakini anayetarajiwa kuilipia ni shirika ambalo halijaja, na pengine halitakuja kwenye wilaya hiyo kamwe. Mashirika huchagua mikoa yao kwa vigezo vyao. Yana miaka yao mitatu au mitano. Yakiondoka yanaondoka na gari, na mratibu, na posho ndogo iliyokuwa ikimwezesha mhudumu wa jamii kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Mwezi Januari 2025 jambo hili lilitufikia kwa ukali. Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa amri ya ghafla, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Katika nchi yetu miradi iliyokuwa ikiwafuatilia yatima na watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, na ile ya mabinti balehe, ilikuwa imeegemea sana fedha hizo. Wahudumu waliokuwa wanajua ni kaya gani ina baba mlevi, ni binti gani ameacha shule na anaishi kwa shangazi ambaye hayupo mchana kutwa, waliambiwa wasitishe kazi. Wale watoto hawakusitisha kuishi katika nyumba zile. Siwalaumu Wamarekani; fedha ni zao na waliwahi kutusaidia sana. Swali ninalolileta kwenu ni kwa nini ulinzi wa mtoto wa Kitanzania, jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaziagiza serikali za mitaa kulisimamia, uliachwa kusimama juu ya uamuzi wa nchi nyingine.

Najua mtanijibu kwamba Serikali imefanya mengi, na mtakuwa mnasema kweli. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi yamezidi 400. Vipo vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, ambako manusura anapata daktari, polisi na mtaalamu wa ustawi mahali pamoja bila kuzungushwa. Ipo namba 116, ambayo mtoto anaweza kupiga bila kulipa. Mwaka 2022 mlianzisha wizara inayojitegemea kwa mambo haya, ikatolewa kwenye kivuli cha Afya. Yote haya tunayashukuru, na naomba mkono wa mtu yeyote usiyaguse kwa kisingizio cha kuhamishia fedha kwenye kinga.

Lakini tazameni vizuri: karibu yote hayo yanampokea mtu akiwa ameshaumizwa. Na hata hapo njia ni ndefu. Mama anayetoka kijijini kwetu na binti yake anapanda bodaboda mpaka kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, kisha bodaboda nyingine mpaka hospitali, na nauli ya siku hiyo ni mkopo. Wiki ya pili ndugu wa mtuhumiwa wanafika nyumbani usiku. Wazee wa pande mbili wanakaa. Linatajwa jina la ukoo, inatajwa ng'ombe, linatajwa suala la nani atakayekuja kumuoa huyu binti mambo yakijulikana. Tarehe ya kesi inafika na shahidi hayupo. Nimeyaona haya katika kata yetu na wajumbe wa kata jirani wanasimulia yaleyale. Mnaweza kuongeza madawati yakafika elfu moja, na mnapaswa kuongeza, lakini kesi ikifika kwenye kile kikao cha usiku sisi sote tumeshachelewa. Hatusubiri mtoto augue surua ndipo tumtafutie chanjo. Tunampeleka kliniki akiwa mzima, na kwenye kadi yake tarehe imeandikwa.

Ukubwa wa tatizo mnaujua kuliko mimi, kwa sababu takwimu ni zenu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa na mtu mzima au mwenza. Nchi yetu ilipongezwa kwa ujasiri wa kutoa takwimu zile hadharani, na ilistahili. Kisha kwenye utafiti wa idadi ya watu na afya wa 2015/16, nusu ya wanawake waliowahi kuolewa au kuishi na mwenza walisema wamewahi kufanyiwa ukatili na mwenza wao, wa kipigo, wa kingono au wa kihisia. Kwa Shinyanga walikuwa zaidi ya saba katika kila kumi. Utafiti wa 2022 ukaonyesha kuwa kitaifa idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 39.

Kushuka huko ni habari njema sana, na nasikitika kwamba tunaitaja mara chache. Inatuthibitishia kwamba kipigo si kitu tulichoumbiwa, wala si utamaduni usiobadilika. Ila hakuna mtu katika halmashauri yetu anayeweza kuniambia ni kazi ipi, ya nani, iliyolipiwa na fedha ipi, iliyochangia. Kama hatujui kilichosaidia, hatujui cha kuongeza wala cha kuacha.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu yapo yanayojulikana, na mengine yaligunduliwa papa hapa kwetu.

Jijini Mwanza watafiti wetu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa chuo cha afya ya jamii cha London walifanya utafiti uitwao MAISHA. Waliwachukua wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo midogo. Baadhi ya vikundi, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, vikapewa vipindi kumi vya mafunzo: kuhusu wajibu wa mke na mume, kuhusu fedha za nyumbani na nani anaziamua, kuhusu namna ya kuzungumza mkigombana, kuhusu ukatili wenyewe. Vikundi vingine vikasubiri. Baada ya zaidi ya miaka miwili wakarudi kuwauliza wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: katika waliopata mafunzo, asilimia 23 walisema wamefanyiwa ukatili wa kipigo au wa kingono na mwenza katika mwaka uliotangulia, katika ambao hawakupata, asilimia 27. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi. Mimi nimeishi na hao wanawake, na nasema kwamba katika kila mia moja, nyumba nne zenye usingizi wa amani ni jambo kubwa, hasa kwa mafunzo ya vipindi kumi tu. Kuna funzo la pili katika kazi hiyohiyo: wanawake ambao hawakuwa kwenye vikundi vya mikopo walipopewa mafunzo yaleyale, unafuu wa wazi haukuonekana. Mwanamke mwenye kipato kidogo chake na kikundi cha wenzake nyuma yake alikuwa na pa kuyatumia yale aliyofundishwa.

Sasa, Waheshimiwa, sisi tuna nini? Tuna sheria. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa mwaka 2018 ikaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hivyo katika halmashauri zote 184 vipo vikundi vya wanawake vilivyosajiliwa, vyenye viongozi, vyenye siku ya kukutana, na Afisa Maendeleo ya Jamii anayevifahamu kwa majina. Kabla ya kupewa mkopo, vikundi hupewa mafunzo ya ujasiriamali na utunzaji wa kumbukumbu. Kila kilichokuwepo Mwanza kipo kila mahali, isipokuwa vile vipindi kumi.

Kwa nini tusiviingize? Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 3 kwa mwaka inatenga milioni 300 za mikopo, na katika hizo milioni 120 ni za wanawake. Ukitenga, pembeni ya fedha hizo na bila kuzipunguza, asilimia 1 ya mapato ya ndani kwa ajili ya kinga, unapata milioni 30 kwa mwaka. Milioni 30 hazijengi jengo la kukatiwa utepe. Ila zinaweza kulipia wawezeshaji, mafuta ya ile pikipiki, na vikao vya kamati za kata mwaka mzima. Na niseme wazi jambo ambalo wanaume wenzangu hawapendi kulisikia: mkopo ukimfika mama katika nyumba ambayo mume ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila shilingi, mara nyingine mkopo huohuo unakuwa chanzo cha kipigo. Tumeshuhudia fedha za kikundi zikichukuliwa na mume siku ileile zilipotoka, na mama akabaki na deni la halmashauri na alama mwilini. Kuwapa vikundi elimu hii ni sehemu ya kulinda marejesho yenyewe, jambo ambalo Waziri wa Fedha bila shaka analijali.

Waume nao wahusishwe. Rwanda, kupitia mradi wa Indashyikirwa, walichukua wenza waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, wakawafundisha mke na mume pamoja kwa miezi kadhaa, na ukatili ukapungua kwa kiasi cha kuonekana. Kampala, kazi ya kuhamasisha jamii iitwayo SASA!, iliyofanywa na majirani wa kawaida waliofundishwa kuzungumza vibarazani, sokoni na kwenye vijiwe, ilipimwa kwa jaribio lililoanza 2007. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba kipigo kutoka kwa mwenza kilikuwa chini kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyopata kazi hiyo ukilinganisha na yale ambayo hayakupata. Hao ni majirani zetu. Vibaraza vyao ni kama vyetu, na ugumu wa maisha ni uleule.

Na wala siwadanganyi kwamba kila mafunzo yanafaa. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kasulu, ulijaribiwa mpango wa kuwafundisha walimu kupunguza viboko. Uliandaliwa kwa uangalifu, ukapimwa kwa uangalifu, na haukupunguza kipigo kwa wanafunzi. Nawaheshimu sana waliotoa matokeo hayo hadharani. Fedha za umma zinapaswa kutumika kwa namna hiyo: pima, ukikuta haifai acha, ukikuta inafaa ongeza. Semina tunazopewa sisi za siku moja, zenye ufunguzi wa mgeni rasmi na picha ya pamoja, sijawahi kuona mtu akirudi mwaka uliofuata kuuliza zilisaidia nini.

Nikigusa shule kwa kifupi tu, kwa kuwa ni mahali nilikofanya kazi maisha yangu yote: ule utafiti wa 2009 ulionyesha takriban nusu ya vijana walikuwa wamepigwa na walimu wao. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua. Kila aliyesoma nchi hii anajua kinachotokea darasani. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja na hajawahi kufundishwa njia nyingine atatumia fimbo, na mtoto anayejifunza shuleni kwamba mwenye nguvu hupiga atalibeba somo hilo mpaka kwenye ndoa yake. Fedha za kinga zifike pia kwenye vyuo vya ualimu.

Lipo jambo lingine la bajeti ambalo halihitaji hata fedha mpya, linahitaji kalenda tu. Katika mkoa wa Mara msimu wa ukeketaji unajulikana. Ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na kwa koo nyingi ni kwa miaka inayopishana. Wazee wa mila wanakaa mapema, mangariba wanajiandaa mapema, na familia nyingine zinajipanga kuvusha mabinti mpaka wa Kenya. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa kwa Mara asilimia 28 ya wanawake wamekeketwa, kutoka 32 katika utafiti uliotangulia, hivyo kazi inasonga lakini polepole. Kila mwaka wa msimu mabinti wanakimbilia nyumba salama zinazoendeshwa na mashirika na taasisi za dini, zinajaa, na waendeshaji wanaanza kuomba unga na magodoro kwa watu wenye mapenzi mema. Hatari ambayo tarehe yake inajulikana haipaswi kushughulikiwa kama dharura. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fedha za robo ya kwanza zikitoka kwa wakati, mazungumzo na wazee wa mila yatafanyika Agosti na Septemba, ambapo bado mzee anaweza kubadili neno lake bila kuaibika mbele ya ukoo. Zikitoka Februari, zinakuta mabinti wameshapona vidonda au wameshazikwa.

Nakuja kwenye taarifa tunazowaletea, maana nazo zina sehemu katika hili. Kila robo tunajaza idadi: vikao vingapi, watu wangapi walihudhuria, kesi ngapi zimeripotiwa. Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya taarifa hiyo, kwa sababu ndipo fedha kidogo hupatikana. Kuna matembezi, kuna fulana, kuna hotuba. Mimi hutembea, na nafurahi kuona vijana wakitembea nasi. Lakini Desemba 11 hadi Novemba 24 ni siku nyingi sana za kukaa bila chochote. Na kuna hatari nyingine: kamati inayofanya kazi vizuri itaaminiwa, na ikiaminiwa watu wataripoti zaidi, na kata itaonekana imeharibika kumbe imeamka. Mkuu wa wilaya akituuliza kwa ukali kwa nini kesi zimeongezeka, wajumbe wanajifunza kunyamaza. Tafadhali msitupime kwa wingi au uchache wa kesi peke yake. Tumieni tafiti zenu za kaya, ambazo mnazifanya vizuri, mziunganishe na halmashauri zilizopewa fedha na zile ambazo hazijapewa.

Nasikia hoja mbili mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba malezi na ndoa ni mambo ya familia na viongozi wa dini, Serikali isiingie chumbani kwa watu. Naiheshimu hoja hiyo, na mashehe na wachungaji wa kata yetu ni wajumbe wazuri kuliko wengi. Wao wenyewe ndio wanaoniambia kwamba wanapigiwa simu saa saba za usiku na waumini wao na hawana pa kuwapeleka. Serikali tayari imo chumbani: inatibu majeraha, inaendesha kesi, inamlisha mfungwa, inamrudisha shule binti aliyejifungua. Inachokosa ni kuingia mapema.

Ya pili ni kwamba fedha hazitoshi. Hii siwezi kuipuuza, kwa sababu najua zahanati yetu inakosa dawa na barabara yetu inakatika kila masika. Ila nawaomba mfanye hesabu ambayo sisi huku hatuna nyenzo za kuifanya: kila halmashauri ikokotoe inatumia kiasi gani kwa mwaka kutibu, kuchunguza, kuendesha mashauri na kutunza waathirika, pamoja na siku ambazo mama hakwenda shambani wala sokoni. Iwekeni namba hiyo mbele ya Bunge kando ya namba ya fedha za kinga. Nitakubali uamuzi utakaofuata baada ya wabunge kuziona namba hizo mbili zikiwa pamoja.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yaandikwe katika mwongozo wa mpango na bajeti unaokuja, kabla halmashauri hazijaanza kuingiza mipango yao kwenye mfumo wa PlanRep. Kazi za kinga za MTAKUWWA zipewe kasma inayojitegemea, na chanzo chake kiwe mapato ya ndani na ruzuku ya Serikali Kuu. Wadau wakija, waongezee juu. Kiwango cha chini kitajwe. Nimependekeza asilimia 1 ya mapato ya ndani, na mwenye hoja bora zaidi ailete, lakini kiwango kiwepo, kwa sababu tumeona kwenye ile asilimia 10 kwamba halmashauri hutii kilichoandikwa kwenye sheria kuliko kinachohimizwa kwenye hotuba. Halmashauri zenye uwezo mdogo wa kukusanya, ambazo aghalabu ndizo zenye tatizo kubwa, zifidiwe na Hazina. Vikundi vya mikopo vipate vile vipindi kumi kama sharti la kawaida la mafunzo kabla ya mkopo, na wenza wao waalikwe. Mara na mikoa mingine yenye msimu unaojulikana ipate fedha zake robo ya kwanza.

Na CAG naye akague. Tumezoea kumsikia kila mwaka akieleza mikopo ambayo haikurejeshwa. Ningependa siku moja asome pia ni halmashauri ngapi zilitenga fedha za kuzuia ukatili, ni ngapi zilizitoa, na zilitoa kiasi gani.

Mwisho, kiasi kilichotengwa kwa kila kata na kiasi kilichotoka kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata kila robo mwaka, kama zinavyobandikwa fedha za ujenzi wa madarasa. Sisi wajumbe tutakuwa wa kwanza kwenda kusoma, na tutakuwa wa kwanza kuulizwa na wananchi zilifanya nini. Tuko tayari kuulizwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya Kata,
Kanda ya Ziwa